Matundu kwenye plastiki ya miwani

Shangazi yangu wa Morogoro anapika sabuni ya kipande, na ndiye aliyenifundisha sheria ya kostiki: mimina kostiki kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye kostiki, yatakurukia usoni. Leo sheria hiyo inanilinda katika maabara ya chuo kikuu huku Marekani. Nikimpigia simu hucheka: "Bado unaosha miwani?"

Shikamoo shangazi, bado.

Hajakosea sana. Kigunduzi changu cha mionzi ni kipande cha plastiki angavu, unene milimita 1.5, kiitwacho CR-39. Ndiyo plastiki ya lenzi za miwani. Protoni au kiini cha heliamu kikipenya humo huacha kovu dogo mno lisiloonekana. Tunakichovya kipande kwenye kostiki ya nyuzi 80 kwa muda wa saa 6 hivi. Kostiki huila plastiki yote polepole, ila penye kovu huila upesi, na kovu hugeuka tundu la mviringo linaloonekana kwa hadubini. Tundu moja, chembe moja. Mwaka wangu wa kwanza nilisahau vipande humo usiku kucha. Asubuhi matundu yalikuwa yamevimba na kumezana, na kazi ya wiki tatu ikaenda na maji.

Vifaa vya elektroniki tunavyo pia. Lakini vipande hivi huenda kwenye majaribio ya leza, kama yale ya OMEGA kule Rochester, ambako miale 60 hukibana kidonge cha haidrojeni nzito mpaka viini vyake viungane. Hapo eksirei na mawimbi ya umeme hulipuka kwa pamoja, na vifaa vingi huchanganyikiwa. Plastiki haisikii kelele hizo.

Kazi kubwa ni kuhakiki. Viini vikiungana hutoa neutroni, nayo haina chaji, kwa hiyo nyingi hupita bila kugusa kitu: katika 10,000, takriban 1 tu ndiyo huacha tundu. Nikihesabu matundu 300, nizidishe kwa ngapi? Nikikosea hapo, jaribio zima limepimwa kwa mizani mbovu.

Basi tunatumia mashine ya kuongeza kasi ya chembe, inayorusha viini vya deuteriamu, yaani haidrojeni nzito, kwenye shabaha yenye deuteriamu. Viwili vikiungana, mara nyingine huzaliwa neutroni na heliamu-3, mapacha wanaokimbiana. Neutroni ni msiri, lakini pacha wake ana chaji, na kigunduzi cha silikoni humhesabu. Ukiwajua mapacha wa heliamu ni wangapi, umezijua na neutroni ambazo hukuziona. Nimeifanya kazi hii mara nyingi na bado naiona kama ujanja wa sungura.

Hata hivyo, kuhesabu vizuri peke yake hakutoshi. Januari 1958, kule Harwell, Uingereza, wanasayansi wa mashine ya ZETA walitangaza kwamba wameziona neutroni, na mkurugenzi wa Harwell, John Cockcroft, akawaambia waandishi ana uhakika wa asilimia 90 kuwa zimetokana na muungano wa viini katika gesi moto. Neutroni zilikuwepo kweli. Lakini zilipopimwa pande mbili za mashine, nishati zake hazikulingana: zilitoka kwa viini vichache vilivyosukumwa na umeme, wala si kwa joto la gesi yote. Mwaka huohuo madai yakafutwa. Ndiyo maana hatuishii kwenye idadi. Neutroni ya deuteriamu kwa deuteriamu huzaliwa na nishati ya MeV 2.45, ya deuteriamu kwa tritiamu, haidrojeni nzito zaidi, 14.1, nasi twataka kujua tuliyemnasa ni yupi.

Juzi shangazi aliuliza kama miwani niliyovaa nayo ina matundu. Nikamwambia ni ya plastiki hiyohiyo, na gesi ya radoni iliyomo hewani, hasa kwenye vyumba vya chini ya ardhi kama maabara yetu, huipiga kila siku; makovu yamo, yanangoja kostiki tu.

"Basi usije ukaichovya," akasema. "Miwani ni ghali."