Ovahoo ya Uani: Hesabu za Corolla Moja

Mtu akikwambia injini ya gari lako imekwisha, mwulize amepima nini. Mimi sikuuliza. Fundi wa kwanza aliisikiliza Corolla yangu 110 kwa muda wa kumeza funda la chai, akatazama moshi, akafuta mikono. "Hii ni ovahoo, bosi. Au tukutafutie injini ya Japani." Nikarudi nyumbani Tabata na bei mbili kichwani, ugonjwa wenyewe siujui.

Dalili zilikuwapo, sikatai. Gari lilikuwa linakula lita nzima ya oili kila kilomita 600, na nikipanda mwinuko wa Kimara moshi wa buluu ulikuwa unaziba kioo cha nyuma. Lakini moshi wa buluu una maana zaidi ya moja. Ukitoka asubuhi tu unapowasha, kisha ukakata, mara nyingi ni sili za valvu zilizokauka: oili imechuruzika usiku kucha ikaingia kwenye silinda. Seti ya sili hizo niliipata kwa shilingi 20,000. Ukitoka kila gari linapovuta mzigo, shuku ringi za pistoni. Moshi mweupe usiokoma, maji ya rejeta yanayopungua na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, hiyo ni gasketi ya hedi. Wapo watu waliofanya ovahoo nzima kutibu kitu cha elfu ishirini.

Aliyenizuia nisiwe mmoja wao ni mzee jirani yangu, dereva mstaafu wa malori, ambaye ana geji ya kompresheni anayoitunza kwenye soksi. Tulitoa plagi zote nne, tukakata moto wa plagi na petroli, tukapiga stata. Kwa injini hizi, ikiwa nzima geji hupanda hadi kwenye 13 hivi kwa kipimo cha kilo, na ikishuka chini ya 10 imechoka. Silinda tatu zilikuwa zinajikongoja kati ya 10 na 11. Iliyobaki, ya tatu kutoka mbele, ilikuwa 7. Mzee akamimina kijiko cha oili ndani yake tukapima tena: ikapanda hadi 10. Oili imeziba pale ringi ziliposhindwa kuziba. Kama shida ingekuwa valvu, kijiko kile kisingebadilisha kitu. Kwa hiyo fundi wa kwanza alikuwa amepatia. Ila kupatia kwa kubahatisha hakunipi raha ninapotoa milioni.

Sasa bei. Zote ni nilizotajiwa au kulipa mimi mwenyewe, kwa 5A-FE, injini ya cc 1498. Yako itatofautiana, lakini uwiano ndio wa kuangalia.

Fundi wa gereji alitaka 350,000 za ufundi, akaandika orodha ya vipuri na kazi ya kuchonga ya 980,000. Jumla 1,330,000, gari tayari baada ya wiki. Ni bei ya haki. Nilichokiona kwenye orodha yake ni kwamba hakukuwa na pistoni: ringi tu, saizi ileile ya kiwandani. Silinda ikichakaa haipanuki sawasawa. Inakuwa na umbo la yai, tena pana zaidi kwa juu kuliko chini. Ringi mpya ya duara kamili ndani ya tundu la yai itaziba miezi michache, kisha moshi unarudi. Nilimwuliza kama atapima silinda kabla ya kununua ringi. Akacheka kwa upole, kama unavyomcheka mtoto aliyeuliza jambo la kikubwa. Mafundi wanaopima wapo, nami nawajua wawili. Bei yao iko juu, na foleni yao ni ndefu.

Injini ya Japani, iliyokwisha kutumika huko, nilienda kuiulizia kwa wauzaji wa Gerezani. Injini tupu, bila giaboksi, 1,200,000. Ongeza kufunga 150,000, belti ya taiming na tenshona yake 75,000, sili na gasketi ndogondogo 40,000, oili na kulanti 110,000. Jumla 1,575,000. Mtu asikwambie belti iliyokuja nayo bado nzuri. Hujui ina miaka mingapi, na kuibadilisha injini ikiwa chini ni kazi ya nusu saa. Injini hizi zinapatikana nyingi kwa sababu Wajapani wana ukaguzi wa lazima wa magari, ambao baada ya miaka mitatu ya kwanza hurudiwa kila miaka miwili kwa gharama isiyo ndogo. Wengi huona bora waachane na gari ambalo injini yake bado ina nguvu. Nyingine hupitia Dubai na Sharjah kabla ya kufika kwetu. Ndiyo maana unaweza kupata injini nzuri kabisa. Unaweza pia kupata iliyokaa miaka ikipigwa na hewa ya bahari, maji yamelala kwenye njia zake.

Ukienda huko, fungua kifuniko cha oili utazame kamshafti. Rangi ya asali ni sawa, lami nyeusi ondoka. Ingiza kidole kwenye njia za maji utafute kutu. Mwombe muuzaji aunge betri na stata pale pale chini, upime kompresheni. Akikataa, amekwishakujibu. Mimi nilipewa waranti ya siku saba, na siku saba kwa injini inayosubiri nafasi ya fundi ni sawa na bure. Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi husahau: namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, kumbukumbu za TRA nazo zibadilishwe, vinginevyo siku ya kuuza utatafutana na mnunuzi. Ovahoo haina usumbufu huo, bloku ni ileile.

Njia ya tatu ni uani. Sikuichagua kwa ujasiri. Mzee alisema, "Bloku yako ni ya chuma cha kalibu, inachongeka. Kwa nini unataka kuitupa?" Akaja kaka mmoja fundi umeme wa magari mwenye Corolla kama yangu, na kijana aliyetoka VETA juzijuzi, mwenye hamu ya kushika injini ambayo si ya darasani. Tukawa wanne, kila Jumamosi chini ya mwembe.

Jambo la kwanza tulilokubaliana ni mipaka. Kuchonga silinda, kusawazisha uso wa hedi na kusaga viti vya valvu havifanyiki uani. Hedi ya injini hii hairuhusiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05, na hakuna jicho linaloona kiasi hicho. Hivyo tulibeba bloku, hedi na krenki hadi kwa mchongaji, na tulinunua pistoni kwanza, oversaizi ya 0.50, tukampelekea ili achonge silinda zifuate pistoni, maana hata pistoni za boksi moja hutofautiana kidogo. Tundu lilitoka milimita 78.7 likawa 79.2. Nilipiga hesabu usiku ule nikakuta injini yangu sasa ni cc 1517. TRA wasisikie.

Mchongaji ndiye aliyegundua kwamba krenki ilishawahi kuchongwa 0.25 na mwenye gari aliyenitangulia. Ilikuwa bado nyoofu, ikahitaji kung'arishwa tu, lakini metali zake, yale maganda ambamo inazunguka, lazima ziwe za saizi hiyo. Nilikwenda dukani nikanunua seti ya 0.25, boksi zuri, lebo ya Kijapani, maandishi yote mahali pake.

Jumamosi ya nne tulizipanga. Kijana wa VETA alikuja na uzi mwembamba wa plastiki laini ambao unalazwa juu ya krenki, unafunga kofia ya konrodi kwa nguvu inayotakiwa, kisha unafungua na kupima umepondeka kiasi gani. Nafasi ya oili kwenye konrodi za injini hii ni kati ya milimita 0.02 na 0.05, basi. Tukafunga, tukafungua. Uzi ulitoka kama ulivyoingia, mviringo, haujaguswa. Mzee akaigeuza metali akasoma mgongoni kwa miwani mbili: STD. Boksi lilisema 0.25, ndani mlikuwa na za kawaida. Tungezifunga bila kupima, gari lingewaka, tungeshangilia, na pengine kabla ya wiki kuisha konrodi ingeanza kugonga kama mtu aliyefungiwa ndani.

Dukani walinibadilishia baada ya maneno ya saa nzima. Tangu siku hiyo nasoma mgongo wa metali kaunta, kabla ya kutoa pesa.

Mengine yalienda vizuri au vibaya kwa kawaida. Kofia za konrodi tulizipiga alama zisichanganyike. Ringi tuliziangalia herufi zake zitazame juu, na mianya yake isipangane mstari mmoja. Mashimo ya bolti za hedi tuliyapuliza yakauka, kwa kuwa oili ikibaki chini ya bolti haina pa kwenda, na bolti ikikazwa inaweza kupasua bloku. Bolti zenyewe hufungwa nyutoni-mita 29, kisha zinazungushwa nyuzi 90, kisha 90 tena. Spana ya toki tuliazima kwa rafiki wa kaka fundi umeme. Mpya niliulizia, ikanishinda. Siku ya kuwasha tulipiga stata plagi zikiwa nje mpaka taa ya oili ikazima, ndipo tukarudisha plagi. Nilibadilisha oili baada ya kilomita 800, ikatoka na unga wa chuma unaometa, kidogo, wa kutarajiwa.

Daftari langu linasema hivi. Pistoni na ringi 230,000, metali 110,000, gasketi na sili zote 95,000, pampu ya oili 85,000, belti na tenshona 75,000. Kuchonga silinda nne 120,000, hedi na valvu 80,000, krenki 40,000. Oili mara mbili, filta na kulanti 190,000. Petroli ya kuoshea, brashi, gundi ya gasketi na bolti zilizokatika 45,000. Kukodi kreni ya kunyanyulia siku mbili 40,000. Na wali, samaki, soda za Jumamosi tano, 150,000, ambazo mke wangu anasisitiza ziandikwe. Jumla 1,260,000.

Yaani nimemshinda fundi kwa shilingi 70,000 tu. Na hata hizo sikuzipata: gari lilikaa juu ya matofali wiki saba, na bodaboda na daladala za familia zilikuwa kama 6,000 kwa siku ya kazi, 210,000 kwa muda wote. Kwa hesabu kamili uani ulinigharimu 1,470,000. Fundi angenitoza pungufu, akamaliza kwa wiki moja. Japani ingenizidi kwa laki moja na ushee. Njia zote tatu zinalala kwenye kitanda kimoja, na anayekwambia ovahoo ya nyumbani ni nusu ya bei hajaandika wali.

Kwa hiyo bei haikunisaidia kuamua kitu. Kinachotofautiana ni nani anabeba hatari. Kwa fundi asiyepima, hatari ni yako na huioni. Kwa injini ya Japani, ni yako kuanzia siku ya nane. Uani pia ni yako, ila umeshika kipimo mkononi, na metali za uongo zinakutwa juu ya meza badala ya Chalinze usiku. Kwa 1,470,000 nilipata pistoni mpya na silinda zilizopimwa. Kwa 1,330,000 ningepata ringi. Ukitaka kulinganisha kwa haki, mwambie fundi aongeze pistoni na upimaji kwenye orodha yake, uone itasimama wapi. Kama huna mzee mwenye geji kwenye soksi, wala mtu wa kukuazima spana ya toki, mlipe fundi anayepima na usubiri foleni yake. Kununua zana zote kwa injini moja ni kujitia hasara.

Tena si kila injini inastahili uani. Kaka mmoja wa mtaa wa pili ana Premio ya cc 1800, injini ya 1ZZ-FE, inakunywa oili kuliko yangu ilivyokuwa. Alikuja Jumamosi akiwa ameshavaa ovaroli. Bloku ya injini hiyo ni aluminiamu yenye maganda membamba ya chuma ndani ya silinda, na Toyota haikuitengenezea pistoni za oversaizi. Nyingi za mwanzo zilikuwa na tatizo kwenye pistoni zenyewe: vitundu vya kurudisha oili vilikuwa vidogo, ringi zikagandana. Mzee aliitazama ovaroli ile mpya, akamwambia aivue tu, injini nyingine ataikuta Gerezani. Jumamosi ijayo tunampeleka, na geji naibeba mimi. Mzee amenikabidhi pamoja na soksi yake.