Unapeleka mtoi kwa susu Matuu? Chunga asali!

Wasee wenye mko na watoi, hii ni yenu. Umepanda mathree Nairobi, mkapita Thika, mkashika barabara ya Garissa hadi Matuu. Wa miezi 8 ako mgongoni, wa miaka 2 amelala kwa mapaja. Susu anawangoja na chupa ya asali.

Asali ya Ukambani ni moto, hakuna ubishi. Lakini mtoi hajafikisha mwaka 1 asilambishwe hata kidogo.

Mbona? Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria inaitwa Clostridium botulinum. Tumbo yako inazimudu. Ya mtoi mdogo bado, kwa hivyo zinaota huko ndani na kutoa sumu ya kulegeza misuli. Anafunga choo, kilio kinafifia, kunyonya ni shida, hata kupumua inaweza kuwa noma. Ukiona hizo, mbio hospitali.

"Si nitaipika kwa keki?" Zii. Hizo mbegu hazishtuliwi na moto wa jiko. Kwa ile keki ya sufuria, makaa chini na mengine juu ya kifuniko, ponda ndizi zimeiva vizuri. Sukari itatoka hapo.

Huyo wa miaka 2 anaruhusiwa asali, kwa hivyo susu hatakosa wa kudekeza.