Kabla Hujalipa Kodi ya Stoo, Jiulize: Zimamoto Watapita Wapi?

Leo sizungumzii picha wala matangazo. Nazungumzia kile chumba unachowekea mzigo. Soma mpaka mwisho, itakufaa.

Mwaka juzi nilipanga stoo Kariakoo, ghorofa ya tatu, upande wa nyuma wa jengo. Dalali akaniambia, "Dada, bei hii hutaipata tena." Kweli ilikuwa nafuu, nikalipa miezi sita. Nauza mashuka na mapazia. Nilikagua kufuli, nikakagua dari kama linavuja. Basi, nikaona nimemaliza.

Jumapili moja jioni stoo ya jirani ikashika moto. Gari la zimamoto lilikuja, lakini likakwama mdomoni mwa uchochoro. Geti lilikuwa na bati juu yake, na ndani meza za biashara zilibana pande zote mbili. Askari wakaliacha gari barabarani, wakaunga mipira ya maji kipande kwa kipande na kukimbia nayo kwa miguu. Kufika kwenye ngazi, wakakuta maboksi. Ikabidi wayarushe chini ndipo wapite. Manne kati ya hayo maboksi yalikuwa yangu.

Hapo ndipo roho inaniuma mpaka leo. Mzigo wangu uliloa na kunuka moshi, na wateja tisa walikuwa wameshalipa. Hao niliwarudishia hela zao mmoja mmoja. Jirani yangu mtaji wake wote uliteketea. Yeye ningemrudishia nini?

Haya mambo si mageni kwetu. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Gikomba, Nairobi, moto wa alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018 uliua watu 15. Penye mzigo mwingi, kila dakika ina gharama.

Baada ya pale nikaanza kufuatilia jengo linatakiwa lichorweje ili zimamoto wafike. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza, kwa mfano, unataka njia ya gari la zimamoto iwe na upana wa mita 3.7, geti mita 3.1, na juu pasiwe na kizuizi chini ya mita 3.7. Njia ikiwa haina pa kutokea, gari lisilazimike kurudi kinyumenyume zaidi ya mita 20. Majengo marefu huwekewa bomba maalum linalopanda kupitia ghorofa zote. Askari wanaunga mpira wa gari chini, halafu wanaunga mwingine kule juu karibu na moto. Hawahangaiki kuburuta mpira ngazi nzima.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijatoa hela, naangalia haya:

1. Njia. Natembea kutoka barabara kubwa mpaka mlangoni nikiwa na futi ya fundi. Napima sehemu nyembamba kuliko zote, halafu naangalia juu: bati, turubai, nyaya zinazoning'inia. Naenda saa za biashara, meza zikiwa zimepangwa, maana asubuhi na mapema kila uchochoro ni mpana.

2. Ngazi. Je, ziko mbili? Ile ya dharura inafunguka au imegeuzwa stoo?

3. Bomba la kupandisha maji. Kama lipo, mdomo wake uko wapi? Nimeshaona umezibwa na meza ya viatu.

4. Madirisha. Grili isiyofunguka inamzuia mwizi, na inamzuia pia askari anayekuja na ngazi kwa nje.

5. Funguo. Usiku nani anafungua geti? Mlinzi anazo funguo zote, au mwenye jengo amelala nazo kwake?

Jengo hatukulichora sisi, na uchochoro hatuwezi kuupanua. Ila maboksi ya kwenye ngazi ni yetu. Ukishusha mzigo, uingize wote ndani siku hiyo hiyo. Usiseme "nitautoa kesho". Mimi nilisema hivyo hivyo.

Na moto ukianza, usisubiri uone kama utazimika wenyewe. Tanzania piga 114, Kenya piga 999. Wakati mmoja anapiga simu, mwingine akasimame barabarani awaonyeshe njia, na wengine wasogeze meza.

Stoo yangu ya sasa ina kodi kubwa kidogo. Iko chini, mbele ya barabara, na hakuna boksi hata moja nje ya mlango. Mashuka yanakaa yakisubiri wateja, nami nalala.

Leo ukienda kuchukua oda, pima uchochoro wako. Halafu niandikie hapa chini: umepata mita ngapi?