Malkia wa Uingereza na sumuni ya mzee wa Ndalu

Je, mpenzi msomaji, umewahi kufunga kitabu cha habari za malkia wa Uingereza ukajiambia kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo, yenye faida siku ya mtihani tu? Hata mimi niliwaza hivyo, hadi Jumamosi moja nilipokuwa mgeni Ndalu, ule upande wa mahindi kati ya Kitale na Bungoma.

Binti wa kidato cha tatu alikuwa ameketi chini ya mparachichi akisoma kitabu kilichochakaa, jalada limetoka. Babu yake alikuwa kando akipukuchua mahindi. Binti alipofika kwenye kisa cha Elizabeth wa Kwanza alisoma kwa sauti, na mzee akainua kichwa.

"Huyo ndiye wa kwenye sumuni?"

"Siye, babu. Wa sumuni ni wa pili. Huyu alikufa mwaka 1603."

Mzee aliingia ndani akarudi na mkebe. Akatoa sumuni ya zamani ya Afrika Mashariki: upande huu simba, upande wa pili kichwa cha malkia mwenye taji. "Hii nililipwa shambani kwa mzungu," alisema, akaendelea na mahindi yake.

Kisa alichokuwa akisoma binti yule ni kitamu kwa hakika. Elizabeth alikuwa hajatimiza miaka mitatu mama yake, Anne Boleyn, alipokatwa kichwa kwa amri ya mumewe, Mfalme Henry wa Nane. Mwaka 1554 Elizabeth mwenyewe alifungwa katika ngome ya Tower jijini London, na aliyemfunga ni dada yake, Malkia Mary. Mwaka 1558 msichana yuyo huyo akakalia kiti cha enzi akiwa na umri wa miaka 25, akatawala miaka 44 bila kuolewa. Wachumba walibisha hodi, wazee wa baraza wakamsihi achague, wapi! (Shangazi zetu wasingempa usingizi.) Na usidhani kwamba pwani yetu haikuguswa na enzi zake: nahodha Mwingereza, James Lancaster, alitia nanga Unguja mwaka 1591.

Kabla yake kulikuwa na Jane Grey, kijana aliyetangazwa malkia mwaka 1553, akadumu siku 9 tu. Baadaye alikatwa kichwa.

Lakini anayetuhusu zaidi sisi ni Victoria. Aliamshwa alfajiri ya tarehe 20 Juni 1837 akaambiwa kwamba ni malkia, akiwa na miaka 18. Alizaa watoto 9. Mumewe, Albert, alipofariki mwaka 1861, alivaa nguo nyeusi za msiba hadi kifo chake mwenyewe mwaka 1901. Akiwa na miaka 68 alianza kujifunza lugha ya Kihindustani kutoka kwa mtumishi wake Abdul Karim. Ukisoma hayo unaweza kumpenda bibi huyu, nami sikulaumu.

Sasa tazama mwaka 1895. Mwezi Juni serikali yake ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki. Mwezi Agosti jeshi chini ya Charles Hobley likawashambulia Wabukusu katika ngome zao za Lumboka na Chetambe, hii ya pili upande wa Webuye ya leo. Victoria alikuwa na miaka 76. Usitarajie kuiona Chetambe katika vitabu vya maisha yake, lakini watu wa Bungoma hawajaisahau.

Alipokwisha kufa, sheria za mwaka 1902 na 1915 ziliiita ardhi hii ardhi ya Taji. Chini ya sheria ya 1915 mlowezi aliweza kukodishwa shamba kwa miaka 999. Hebu piga hesabu: mkataba wa mwaka huo ungekwisha 2914!

Yule wa sumuni, Elizabeth wa Pili, alipata umalkia akiwa hapa hapa Kenya. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 alilala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti karibu na Nyeri, na habari za kifo cha baba yake zikamfikia Sagana. Oktoba ya mwaka huo huo hali ya hatari ikatangazwa. Treetops yenyewe ilichomwa moto mwaka 1954.

Nikamuuliza binti: nani alikuwa mkuu wa nchi ya Kenya tarehe 13 Desemba 1963, siku moja baada ya uhuru? Akajibu haraka, "Kenyatta." La. Mzee Kenyatta alikuwa waziri mkuu. Malkia wa Kenya alikuwa huyo huyo Elizabeth, mpaka nchi ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Alinitazama kana kwamba nilikuwa nikimtania.

Mzee hakushangaa. Yeye ni mmoja wa waliopata shamba wakati mashamba ya walowezi yalipokatwa vipande na kugawiwa wananchi. Kugawiwa si kupewa bure, msomaji. Walowezi walilipwa fedha zao, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa mkopo kutoka Uingereza. Mwananchi naye alitakiwa kulipa deni la ardhi yake kwa miaka 30.

"Tuliinunua kwa jasho," mzee alisema. "Na kabla ya mzungu haikuwa na bei."

Kwa hivyo nakushauri, ukipata kitabu cha malkia hawa, kisome chote, mapenzi yao na misiba yao. Lakini kaa na daftari. Piga mstari katikati ya ukurasa: kushoto andika mwaka na jambo la malkia, kulia andika jamaa zako walikuwa wapi mwaka huo. Binti yule alianza siku ile ile. Mbele ya 1952 aliandika, "Babu, kibarua wa mzungu." Mbele ya 2022, mwaka aliokufa Elizabeth wa Pili, akaandika darasa alilokuwa.

Mbele ya 1895 palikuwa bado patupu. Mzee aliweka gunzi chini, akavuta kigoda karibu.