Kisigino cha Hujaji

Saa kumi alfajiri, mjini Jinja. Mahujaji waliolala kwenye mikeka wanakunja shuka, rosari ziko shingoni, na mwendo wa kwenda Namugongo unaendelea. Wengine wametoka magharibi mwa Kenya, wakavukia Busia au Malaba, ili wawahi misa ya Mashahidi wa Uganda ya 3 Juni. Leo wanalenga Lugazi, kilomita zipatazo 35 kwa barabara kuu. Kwa hatua za mtu mzima hizo ni hatua karibu 50,000, yaani kila kisigino kitagonga lami mara 25,000.

Hapo ndipo hija nyingi huponzwa, na kipande cha ngozi kisichozidi sarafu.

Wengi hudhani lengelenge ni ngozi iliyoungua au iliyochunwa na kiatu. Sivyo. Soksi yenye jasho huing'ang'ania ngozi ya juu, ilhali mfupa ulio ndani unakwenda mbele na kurudi nyuma kila hatua. Tabaka za ngozi zinavutana huku na huku hadi zinachanika kwa ndani, kisha maji yanajaa taratibu katika mwanya huo. Na ngozi yenye unyevunyevu hunasa zaidi kuliko iliyo kavu kabisa. Kwa hiyo msitu wa Mabira, pamoja na kivuli chake kinachotamaniwa tangu Jinja, una mtego: mvua za Mei zikishalowesha majani ya kando, viatu navyo vinalowa.

Lami nayo ina hila yake. Barabara hujengwa ikiinama kando ili maji ya mvua yatiririke. Anayeshinda upande mmoja, mguu wake mmoja unakuwa chini kuliko mwenzake, nao unasukumwa ndani ya kiatu kutwa nzima. Kuhamahama pande si salama. Lazima magari yaonekane yakija. Kinachobaki ni kukaza kamba za viatu vizuri.

Lengelenge hupiga hodi kabla ya kuingia. Mahali pamoja panaanza kuwaka moto. Dakika hiyohiyo mtu asimame, avue kiatu, akaushe mguu, abandike plasta, abadili soksi. Wengi hawasimami. Wanaona haya kuchelewesha kundi, au wanayatoa maumivu hayo kama sadaka. Ni kosa la kusikitisha, kwani kidonda kikiingia usaha, safari inaishia kwenye gari la mizigo.

Gonzaga Gonza, mmoja wa mashahidi 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, hakuwa na nafasi ya kusimama. Mei 1886 aliswagwa kutoka Munyonyo kuelekea Namugongo, minyororo ikimla nyama za miguu. Alianguka njiani, wakamuua kwa mikuki palepale. Hujaji wa leo anafuata nyayo zake bila minyororo, na plasta anayo mfukoni.

Jioni Lugazi, mabeseni yanazungushwa. Miguu inaoshwa na kukaushwa hadi katikati ya vidole. Lengelenge dogo linaachwa lilivyo. Kubwa linalouma linatobolewa ukingoni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, na ngozi yake haibanduliwi, kwani ndiyo bandeji bora kuliko zote. Mwenye kisukari hajitoboi. Anapelekwa kwa muuguzi. Soksi za leo zinaanikwa dirishani. Za kesho ziko mkobani, kavu, zikisubiri kilomita za kwenda Mukono.