Mvumo katika amplifaya: Kukata waya wa ardhi si tiba

MWENYE nyumba anapowasha amplifaya yake jioni, na kabla hata ya wimbo kuanza akasikia mvumo mzito kama wa nyuki mzingani, ushauri wa kwanza anaopewa huwa ni kufungua plagi na kuukata waya wenye rangi ya kijani na manjano. Anayefuata ushauri huo mara nyingi huona mvumo umetulia papo hapo. Anachokuwa hajui ni kwamba amejiondolea kinga ambayo ingemwokoa siku amplifaya hiyo itakapoharibika.

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, na hufanya mizunguko 50 kila sekunde. Mizunguko hiyo ikipenya katika njia ya sauti, spika huigeuza kuwa mvumo wa chini. Ndani ya amplifaya, umeme huo hupita kwenye transfoma, kisha kwenye diodi zinazoulazimisha kwenda upande mmoja, na kufikia hapo mawimbi yake huwa 100 kila sekunde. Kazi ya kuyalainisha ni ya kapasita kubwa, zile zenye umbo la mkebe mdogo. Kwa hivyo fundi mwenye sikio zuri hupata fununu kwa kusikiliza tu. Mvumo mzito wa 50 kwa kawaida huingia kutoka nje kupitia kebo, ilhali ule wa juu kidogo na wenye kukwaruza, wa 100, humfanya azishuku kapasita.

Asiye na sikio hilo ana njia rahisi zaidi. Kwanza azime kila kitu, achomoe kebo zote zinazoleta sauti kwenye amplifaya na kuacha zile za spika pekee, kisha aiwashe. Mvumo ukitoweka, amplifaya ni nzima na mkosi uko kwa wageni wake. Ukibaki vilevile hata sauti ikipunguzwa hadi sufuri, basi kasoro imo ndani, hasa katika sehemu inayotengeneza umeme wa kutumiwa na amplifaya. Kuna pia mvumo usiotoka kwenye spika kabisa bali kwenye kasha lenyewe. Huo ni mtikisiko wa transfoma, nao mara nyingi ni kero tu.

Tuseme wageni ndio wenye hatia. Tangu Kenya ihamie matangazo ya dijitali mwaka wa 2015, king'amuzi kimekuwa mkaazi wa kawaida sebuleni, kando ya runinga, kompyuta na amplifaya. Kebo ya dishi hupanda hadi juu ya paa, ambako huenda chuma chake kimeunganishwa na ardhi. Amplifaya nayo imeunganishwa na ardhi kupitia pini ya tatu ya plagi. Sehemu hizo mbili za ardhi hazilingani kikamilifu kwa volti, na tofauti hiyo ndogo husukuma mkondo wa umeme kupita katika wavu wa waya unaozunguka kebo ya sauti. Amplifaya haina namna ya kujua kwamba huo si muziki. Inaukuza pamoja na wimbo.

Hapo ndipo siri ya kukata waya ilipo. Mzunguko wa ardhi ukikatwa popote, mkondo hukoma na mvumo hutulia, hata kama uliokatwa ndio waya ambao haukupaswa kuguswa.

Waya huo uliwekwa kwa ajili ya siku moja tu, siku ambayo waya wenye umeme utachomoka ndani na kugusa kasha la chuma. Ukiwapo, mkondo mkubwa hukimbilia ardhini na fyuzi hukatika mara moja. Usipokuwapo, fyuzi hutulia tuli na kasha zima hubaki na volti 240, likimngojea mtoto atakayekuja kubadilisha wimbo. Fyuzi ya ampea 13 haimlindi mtu. Swichi maalumu za kulinda uhai huundwa kukata umeme pindi unapovuja kiasi cha miliampea 30 tu, kwa kuwa kinachozidi hapo kinaweza kuusimamisha moyo. Isitoshe, umeme huo unaweza kusafiri kupitia kebo za sauti hadi kwenye runinga, au kwenye maikrofoni iliyo mkononi mwa mwimbaji.

Ni kweli kwamba redio nyingi huja na plagi ya pini mbili bila hatari yoyote. Hizo zimeundwa kwa kinga maradufu, na huwa na alama ya mraba ndani ya mraba. Amplifaya iliyoundwa kwa nyaya tatu haigeuki kuwa ya aina hiyo kwa kupunguziwa waya mmoja. (Nao wanaochokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie, wanafungua kifuniko kilichowekwa makusudi kibaki kimefungwa.)

Tiba salama zipo, na ya kwanza haigharimu chochote: vifaa vyote vinavyoungana kwa kebo za sauti vipate umeme kutoka soketi moja, mradi jumla ya matumizi yake haizidi uwezo wa soketi hiyo. Mvumo ukibaki, kebo ya dishi ichomolewe kwa muda. Ukitoweka, mkosaji amepatikana. Kati ya king'amuzi na amplifaya panaweza kuwekwa transfoma ndogo ya kutenganisha njia ya sauti, au kebo ya mwanga iwapo vifaa vyote viwili vina tundu lake. Kebo hiyo haipitishi umeme hata chembe. Kompyuta ya mkononi inayovuma ikiwa kwenye chaja tu ijaribiwe kwa betri yake.

Mara nyingine kosa ni kebo tu ambayo wavu wake umekatika kwenye ncha, au iliyolazwa sambamba na waya wa umeme. Nayo simu ya mkononi iliyowekwa juu ya amplifaya ikianza kutoa mlio wa tat-tat-tat sekunde chache kabla ya kuita, dawa yake ni kuisogeza.

Kapasita zilizochoka ni kazi ya fundi. Joto huzikausha miaka ikipita, na zilizokufa aghalabu huvimba kichwa. Mwenye nyumba asizichokoe kwa bisibisi, kwani huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Na amplifaya inaporudi kutoka kwa fundi ikiwa kimya, plagi yake ifunguliwe na kutazamwa iwapo waya wa kijani na manjano ungali umefungwa mahali pake.