Tabibu wa Hazina za Habari

Kuna kazi ya mshauri wa kujitegemea, atibuye hazina za habari za kompyuta zilizoelemewa na wingi wa wateja. Kwa kazi hiyo Peter Zaitsev na Vadim Tkachenko walianzisha kampuni ya Percona mwaka 2006.

Mwenye duka la intaneti hulalamika kuwa mashine yake ni dhaifu, na yu tayari kununua nyingine. Mshauri hutazama kwanza daftari la maswali ambayo kompyuta ilichelewa kuyajibu. Mara nyingi huona swali moja tu lipekualo mistari 1,000,000, mmoja mmoja, kwa kukosa faharasa. Ikiwekwa, hatua 20 hivi zatosha.

Hapo ndipo penye mtihani, nasi twauona mzito: ujira wake ni wa saa, na dawa ni ya dakika chache. Akiinyamazia wiki nzima, mwenye duka hatajua.